Kwa Nini Babu Haendi kwa Daktari wa Meno?

Najua unachosema moyoni baada ya kuona kichwa cha somo hili: mimi na meno ya babu, wapi na wapi? Umezoea kukuta humu mambo ya balehe, ya uchumba na ya magonjwa ya zinaa. Leo tumekuletea mapengo ya wazee. Tulia kidogo. Somo hili ni lako wewe kuliko la babu.

Sababu yenyewe ni hii. Katika nyumba nyingi, mzee akionekana kwa daktari wa meno ujue hakufika peke yake. Yupo kijana aliyemshika mkono, aliyesimamisha bodaboda, aliyejua dirisha la kuandikisha liko wapi, na aliyerudia maneno ya daktari kwa sauti kubwa kwa kuwa sikio la mzee limeanza kuwa zito. Na mzee asipofika, mara nyingi ni kwa kuwa kijana huyo hakuwepo. Au alikuwepo, lakini hakuna aliyemwambia kwamba kuna kazi ya kufanya.

Kwa hiyo leo tunajifunza mambo yanayomfanya mtu mzima wa miaka 60 na kuendelea aende au asiende kutazamwa kinywa. Chukua daftari. Mwishoni kuna zoezi.

Mara ngapi ndiyo mara nzuri?

Shuleni tulifundishwa kwenda kwa daktari wa meno kila baada ya miezi 6. Ni kanuni nzuri, rahisi kukumbuka. Lakini wataalamu wengi siku hizi hawaishiki kama amri. Kwa mfano, Uingereza tangu mwaka 2004 mwongozo wa taasisi yao iitwayo NICE unasema muda uamuliwe kwa kuangalia hali ya mtu: mtu mzima mwenye matatizo anaweza kuitwa baada ya miezi 3, na mwenye kinywa kizuri anaweza kukaa hadi miezi 24.

Sasa linganisha na babu yako. Muulize alikwenda lini mara ya mwisho. Ukibahatika atakwambia, "Siku ile niliyong'olewa lile gego, mwaka ule wa mvua nyingi." Yaani amekwenda siku ya kung'oa, basi. Hapa kwetu Tanzania hilo ndilo jambo la kawaida, na tafiti zimelirudia mara nyingi: mtu huenda akishaumwa, na akishafika huko, matibabu anayopata mara nyingi ni kung'olewa. Ukiziba jino mapema unaokoa jino. Ukisubiri liume, umeshachelewa nusu ya safari.

Mambo matatu

Mwaka 1968 mtafiti mmoja wa Marekani, Ronald Andersen, alitoa mpango wa kueleza kwa nini watu hutumia huduma za afya na wengine hawatumii. Unatumika mpaka leo, na ukiondoa maneno yake makubwa unabaki na maswali matatu tu. Kwanza, mtu mwenyewe yukoje: umri, elimu, malezi, anaamini nini? Pili, ana uwezo gani: pesa, usafiri, hospitali iko karibu au mbali, yupo wa kumsindikiza? Tatu, anahisi ana shida?

Watu wengi tukiulizwa tunakimbilia la pili. Tunasema wazee hawana hela. Ni kweli, na tutafika huko. Lakini hata pale ambapo matibabu ni bure, wazee wengi hawaendi. Kwa hiyo tuanze kwingine.

Mzee alikulia enzi gani?

Fanya hesabu kidogo. Bibi mwenye miaka 75 leo alizaliwa karibu na mwaka 1950. Mwaka 1961 tulipopata uhuru alikuwa mtoto wa kama miaka 11. Masomo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza hapa nchini, pale Muhimbili, mwaka 1979. Bibi alikuwa ameshafika karibu miaka 30, pengine ana watoto wanne. Utoto wake wote na ujana wake wote hakukuwa na daktari wa meno hata mmoja aliyesomea shahada yake Tanzania. Madaktari wa meno walikuwepo wachache sana, nao walikaa mijini.

Basi alijifunza nini kuhusu meno? Alijifunza mswaki wa mti, na hapo hana haja ya kucheka mtu: mswaki wa mti ukitumiwa vizuri unasafisha meno barabara. Alijifunza karafuu, ambayo kweli inatuliza maumivu kwa muda. Alijifunza chumvi na maji ya moto. Wengine walijifunza kubana tumbaku kwenye jino bovu, na wapo wanaothubutu kutia hata maji ya betri. Hiyo ni hatari tupu, inaunguza ufizi na mdomo. Juu ya yote alijifunza kwamba jino likishindikana kabisa kuna mtu mwenye koleo.

Koleo hilo ndilo kasheshe. Wazee wengi wamewahi kung'olewa jino kabla ganzi haijashika sawasawa, au bila ganzi kabisa, tena mbele ya ndugu waliokuwa wakiwashika mabega. Ukimwambia mzee wa namna hiyo "twende kwa daktari wa meno", wewe unafikiria kiti safi na taa. Yeye anaiona siku ile. Woga wake una historia, usimcheke.

Vilevile kuna imani ya kwamba ukingolewa meno ya juu unapofuka macho. Imeenea sana, kuanzia vijijini hadi kwa watu wenye shule zao. Ukweli ni kwamba mshipa wa fahamu unaotuwezesha kuona ni tofauti kabisa na mishipa inayokwenda kwenye meno. Kung'oa jino la juu hakuondoi uwezo wa kuona. Imani hii nadhani inaishi kwa sababu mzee hung'olewa meno katika umri uleule ambao macho nayo yanaanza kufifia, mara nyingi kwa mtoto wa jicho. Mambo mawili yakifuatana, binadamu huyafunga kamba moja.

"Uzeeni meno hutoka tu"

Hii ndiyo imani kubwa kuliko zote, na siyo ya wazee peke yao. Wewe pia unayo. Ukichora mzee kwenye daftari utamwekea mkongo, mvi na mapengo.

Mvi ni umri. Mapengo siyo umri. Jino hutoka kwa sababu limeoza, au kwa sababu ufizi na mfupa unaolishikilia umeliwa na ugonjwa, au kwa sababu limevunjika. Kijapani wana mfano mzuri hapa. Mwaka 1989 Japani ilianzisha kampeni iliyoitwa 8020, maana yake mtu afike miaka 80 akiwa bado na meno yake mwenyewe 20 kati ya 32. Wakati inaanza, wazee waliofikia kiwango hicho hawakutimia 1 kati ya 10. Uchunguzi wa mwaka 2016 ukakuta wamepita nusu, asilimia 51.2. Wajapani hawakubadilisha uzee. Walibadilisha usafi wa kinywa, dawa za meno na tabia ya kwenda kutazamwa.

Na wazee wetu je? Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na mkoa wa Pwani mwaka 2004 na 2005 kwa watu wa miaka 50 na kuendelea ulionyesha kitu ambacho wengi hawakitegemei. Wengi wao walikuwa wamepoteza jino moja au zaidi, lakini vibogoyo kabisa, wasio na hata jino moja, walikuwa wachache mno. Linganisha na Uingereza: mwaka 1968, zaidi ya theluthi moja ya watu wazima wa England na Wales hawakuwa na jino lao hata moja. Kwa hiyo babu yako ana utajiri mdomoni ambao Waingereza wengi wa wakati ule hawakuwa nao. Ana meno. Na mwenye meno ana kitu cha kutunza.

Imani ya "hutoka tu" ina madhara kwa sababu inafuta lile swali la tatu. Mtu anayeona jino kutikisika ni mambo ya umri hatasema ana shida. Atasema anazeeka. Hakuna anayekwenda hospitali kutibiwa uzee.

Maumivu ni saa mbovu

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha somo.

Mzee anasubiri maumivu ndipo aende. Tatizo ni kwamba kinywa cha mzee hakipigi kengele mapema. Ndani ya jino kuna chumba chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kadiri miaka inavyokwenda chumba hicho hujijenga ukuta kwa ndani na kuwa chembamba. Ndiyo maana jino la kijana likitoboka linamliza usiku kucha, lakini jino la babu linaweza kuoza taratibu bila kelele nyingi mpaka siku linapovunjika akitafuna mahindi ya kuchoma.

Ufizi nao hushuka, mzizi wa jino ukabaki wazi. Mzizi hauna lile gamba gumu la juu, kwa hiyo huoza upesi. Ongeza hapo dawa. Wazee wengi wanatumia dawa za presha na nyinginezo, na baadhi ya dawa hizo hukausha mate. Mate ndiyo mlinzi wa kwanza wa meno: yanasafisha, yanapunguza makali ya asidi. Kinywa kikikauka, mzee anaanza kunyonya pipi au kunywa chai yenye sukari nyingi ili alowanishe ulimi, na meno yanaoza mara mbili. Mzee hajui kama hayo yana uhusiano. Na mara nyingi hata aliyempa dawa hakumwambia.

Ugonjwa wa fizi ni mkimya zaidi. Unaanza na ukoga ambao ukiachwa unakuwa mgumu kama chokaa chini ya ufizi. Dalili ni damu wakati wa kupiga mswaki, harufu, meno kuonekana marefu, kisha kutikisika. Maumivu? Kidogo sana, au hakuna. Kwa mwenye kisukari ni balaa la pande mbili: kisukari kisichodhibitiwa huchochea ugonjwa wa fizi, na fizi zenye ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Kama bi mkubwa ana kadi ya kliniki ya kisukari, basi fizi zake ni sehemu ya kliniki hiyo, hata kama hakuna aliyemwambia afungue mdomo.

Halafu ipo saratani ya kinywa. Nitaisema wazi, maana ndiyo inayonifanya niandike somo hili kwa vijana. Kwa kawaida inawapata watu wa umri mkubwa, hasa waliovuta sigara, waliotia ugoro mdomoni, waliokunywa pombe sana, au waliotafuna tambuu kwa miaka mingi kama ilivyo kwa baadhi ya watu wa pwani na visiwani. Popoo, lile linalofungwa kwenye tambuu, peke yake bila tumbaku, lilitajwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2004 kuwa ni chanzo cha saratani. Saratani hii mwanzoni huwa kidonda kidogo, au doa jeupe, au jekundu, pembeni mwa ulimi au ndani ya shavu. Mara nyingi haliumi. Likija kuuma limeshakua, na matibabu yake yanakuwa mazito mara nyingi zaidi.

Sasa angalia mchezo ulivyo. Ukisubiri maumivu, unasubiri kitu ambacho katika magonjwa makubwa ya uzeeni huja mwisho. Kumbuka hesabu hii moja: kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki 2, twende kikatazamwe. Usisubiri kiume.

Kibogoyo haendi kabisa

Katika nchi nyingi ambako jambo hili limechunguzwa, wazee wenye meno mengi ndio wanaokwenda zaidi kwa daktari wa meno. Waliopoteza yote ndio wasiokwenda. Ukimuuliza, babu atakujibu kwa mantiki safi: "Daktari wa meno nimpelekee nini, na meno sina?"

Jibu ni kwamba daktari wa meno hatazami meno tu. Anatazama ulimi, mashavu, fizi, kaakaa na sehemu ya chini ya ulimi, yaani palepale saratani inapojificha. Na kama babu anavaa meno ya bandia, taya hubadilika umbo kadiri miaka inavyopita. Meno yaliyomkaa vizuri zamani leo yanacheza, yanachubua, yanafanya vidonda. Wengine wanalala nayo usiku kucha, fizi zinakuwa nyekundu na kuota ukungu. Yatolewe usiku, yasafishwe, yawekwe kwenye maji. Kazi hiyo mjukuu anaiweza. (Usiyaweke kwenye kikombe cha chai cha watu, lakini.)

Sasa hela

Twende kwenye lile la pili. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, Tanzania inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na mzee asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo katika hospitali za serikali. Umeona mabango ya kutaka apishwe kwanza apate huduma. Lakini kibao ukutani ni kitu kimoja na kitambulisho mkononi ni kingine. Wazee wengi hawajaandikishwa, au hawajui waanzie wapi. Na taratibu za msamaha na bima zimekuwa zikibadilika. Njia ya uhakika ni kuuliza mapema kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na kwa afisa wa ustawi wa jamii pale hospitalini, kabla ya siku ya safari. Uliza pia juu ya meno ya bandia, kwa maana huduma kama hiyo mara nyingi hulipiwa hata pale ambapo kung'oa ni bure.

Na matibabu yakiwa bure, nauli siyo bure. Zahanati ya kijiji kwa kawaida haina kiti cha meno. Inabidi kwenda kituo cha afya kilicho na tabibu wa meno, au hospitali ya wilaya. Piga hesabu: nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, chakula cha mchana, siku nzima bila kazi, na pengine mkaambiwa mrudi wiki ijayo. Kwa mzee anayeishi kwa kutumiwa na watoto, fedha hiyo ni sukari na mafuta ya mwezi.

Usidhani hili ni la maskini tu. Marekani, tajiri wote ule, ilipotunga sheria ya bima ya wazee iitwayo Medicare mwaka 1965, ilikiacha kinywa nje. Matibabu ya kawaida ya meno hayakuingizwa, na mpaka leo wazee wengi wa huko wanalipa mfukoni au wanaacha. Uingereza ilianza mwaka 1948 kwa kutoa meno ya bandia bila malipo, watu wakajaa, na mwaka 1951 serikali ikaweka malipo. Kana kwamba mdomo siyo sehemu ya mwili.

Iko gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti: kauli. Mzee akifika akaambiwa na mhudumu kijana, "Wewe mzee si nimekwambia kaa pale?", hatarudi. Atasema hana nauli.

Namna ya kuongea na bibi

Sasa kazi. Hapa chini ni mazungumzo ya mfano. Mnaweza kuyaigiza kwenye klabu yenu.

BIBI: Karibu mume wangu. Leo umekumbuka kwako?

MJUKUU: Shikamoo, bibi.

BIBI: Marahaba. Kaa. Kuna mihogo hapo.

MJUKUU: Mbona wewe huli? Zamani ulikuwa unanishinda.

BIBI: Aa, mihogo ya siku hizi ina nyuzi.

MJUKUU: Ina nyuzi, au kuna jino?

BIBI: (Anacheka, anaziba mdomo kwa khanga.) Haya macho yako! Lipo hapa juu, linacheza. Siyo kuuma. Linacheza tu.

MJUKUU: Tangu lini?

BIBI: Tangu kabla ya mfungo. Nalalia upande huu, natafuna upande huu. Nimezoea.

MJUKUU: Na damu ukipiga mswaki?

BIBI: Kidogo. Lakini usianze hayo ya hospitali. Wataling'oa, na la juu hilo. Macho yangu yenyewe haya.

MJUKUU: Nimekusikia. Macho na meno mishipa yake mbalimbali, bibi, hata ukimuuliza daktari atakuonyesha. Tena sisemi uende kung'oa. Twende akalitazame. Akitaka kung'oa, atakuuliza wewe. Ukisema hapana, tunarudi nyumbani.

BIBI: Na baba yako atatoa hela wapi? Mwache amalize ada za wadogo zako.

MJUKUU: Baba nimeshaongea naye. Nauli ipo, na kile kitambulisho chako cha wazee tunakwenda nacho. Jumanne sina kipindi cha asubuhi, nitakusindikiza mwenyewe.

BIBI: Jumanne. (Ananyamaza.) Utaingia na mimi mle ndani?

MJUKUU: Nitaingia.

Mmeona? Kijana hakuanza na hotuba. Alianza na mihogo. Alimwacha bibi ataje woga wake mwenyewe, na woga wenyewe ulikuwa wa aina tatu: koleo, macho, na kuwa mzigo kwa mwanawe. Kila mmoja alipewa jibu lake. Ukimjibu mtu hofu ambayo hana, mnapoteza muda wote wawili. Angalia pia lile swali la mwisho la bibi. Nauli ilikuwepo, kitambulisho kilikuwepo. Kilichobaki ni kujua kama atakuwa peke yake ndani.

Siku ya safari

Mzee ale chakula chake na anywe dawa zake kama kawaida, hasa mwenye kisukari, isipokuwa kama hospitali imeelekeza vingine. Dawa zote anazotumia zitieni kwenye mfuko mmoja mwende nazo. Daktari akiona boksi ataelewa kuliko mzee kusema "zile nyeupe". Kama anatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, mwambieni daktari kabla ya jambo lolote. Msimwachishe wenyewe nyumbani kwa kuogopa damu nyingi. Nendeni mapema. Mwache mzee aeleze kwanza, wewe ongeza aliyosahau. Na kabla ya kutoka, muulizeni daktari jambo moja: arudi lini? Jibu liandikwe kwenye kadi, maana huenda likawa ndilo tarehe ya kwanza ya meno ambayo mzee huyo amepewa maishani bila kuwa na maumivu.

Akiwa ameng'olewa, aume pamba vizuri kama alivyoelekezwa, na asisukutue kwa nguvu siku hiyo. Damu ikiendelea kutoka sana, mrudisheni.

Zoezi

Fanyeni wawili wawili. Kila jozi iongee na wazee 3 wa mtaani kwenu, mmoja wao awe kibogoyo kama yupo. Anzeni na salamu na habari za nyumbani, msiende na karatasi mkononi kama watu wa kodi.

1. Mara ya mwisho alikwenda lini kutazamwa kinywa, na nini kilimpeleka?

2. Je, kuna chakula alichokipenda ambacho ameacha kula kwa sababu ya meno?

3. Kilichomzuia kwenda ni kipi kati ya yale mambo matatu ya Andersen? Msimsomee majina ya mambo hayo. Msikilizeni, kisha mpange wenyewe.

4. Kituo cha karibu chenye tabibu au daktari wa meno ni kipi, kinafanya kazi siku zipi, na nauli ni shilingi ngapi? Hili mzee asipolijua, litafuteni ninyi mkampelekee jibu.

5. Ana kidonda, doa au uvimbe mdomoni uliozidi wiki 2? Akisema ndiyo, acheni zoezi hapo hapo, pangeni safari.